Lori, Barabara na Amadinda: Majibu kwa Wanaotunga Muziki wa Filamu za Safari

Barua za toleo hili zote zinahusu filamu za safari: watu wawili watatu ndani ya gari, barabara ndefu, na ugomvi unaosafiri nao. Tumefupisha maelezo ya waandishi, maswali hatukuyagusa.

Wahariri, salamu. Nimepewa kazi yangu ya kwanza ya muziki wa filamu. Ni dakika 90, dereva wa lori na binti yake kutoka Malaba hadi Katuna. Nimeshatunga nyimbo nane. Nizipange vipi? (Mpiga kinanda, Tororo)

Hizo nane zifungie kabatini kwanza. Muziki wa filamu hutungwa picha ikishafungwa, yaani mhariri na mwongozaji wakishakubaliana kwamba hakuna fremu itakayoondolewa wala kuongezwa. Ukiwatangulia, kila sekunde watakayokata itakuvunjia kipande ulichokwisha kukimaliza.

Picha ikifungwa, kaeni watatu: wewe, mwongozaji na mhariri. Itazameni filamu nzima bila kuisimamisha, kisha irudieni mkisimama kila panapohitajika. Mahali mnapokubaliana pawe na muziki, andika unaingia dakika na sekunde gani, unatoka lini, nini kinauita, na unafanya kazi gani ambayo picha na maneno hayajaifanya. Swali hilo la mwisho hufuta nusu ya orodha, na ni heri lifute. Kila kipande kipe namba ya sehemu na ya mfuatano: 1M1, 1M2, 2M1 na kuendelea. Mhariri akikupigia usiku kwamba 3M2 imezidi, msije mkawa mnazungumzia vitu viwili.

Kwa hadithi ya watu wawili kabini, sisi tungeanza na dakika 25 hadi 30 za muziki, halafu tukaendelea kupunguza. Wengi huweka muziki kila gurudumu linapozunguka. Mtazamaji akishasikia gitaa mara tatu juu ya picha ya lami, la nne halimfikii. Binti atakaposhuka Lyantonde aondoke bila kuaga, utakuwa huna cha kumpa. Muziki uingie mtu anapoamua jambo. Dereva kuwasha gari si uamuzi.

Tena kuna mwanamuziki mwingine ambaye hukumhesabu, nayo ni injini. Injini ya dizeli yenye silinda sita na mipigo minne hulipua mafuta mara tatu katika kila mzunguko wa shafti. Ikiwa kwenye mizunguko 1500 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 25 kwa sekunde. Zidisha kwa tatu upate hezi 75, yaani mitetemo 75 kwa sekunde. Noti ya D ya chini kwenye besi ni hezi 73.4. Maana yake lori linaimba D iliyopanda kidogo, na besi yako ikishika D hiyo hiyo, sauti mbili zitavutana na kutoa mtikisiko wa pole pole ambao fundi wa kuchanganya sauti atadhani ni spika mbovu. Dereva akibadili gia, noti inahama nawe umebaki. Teksi ya abiria yenye silinda nne hulipua mara mbili kwa mzunguko: kwenye 3000 ni hezi 100, jirani wa G.

Kwa hiyo omba sauti ya gari iliyorekodiwa kabla hujaandika noti hata moja. Tukio lililo ndani ya kabini, chini ya hezi 150 mwachie lori. Maneno ya waigizaji nayo yanahitaji eneo la katikati, hivyo wakizungumza tumia ala moja yenye sauti nyembamba, na sogeza kila mwanzo wa sauti uangukie pumzi kati ya sentensi. Lori likizimwa, hapo ndipo besi inapopata thamani yake: mtazamaji hajaisikia kwa dakika kumi.

Ukitaka mfano wa mtu aliyejizuia, sikiliza kazi ya Ry Cooder kwenye Paris, Texas ya Wim Wenders, mwaka 1984. Sehemu kubwa ni gitaa la kutelezesha, likijengwa juu ya wimbo ambao Blind Willie Johnson aliurekodi mwaka 1927. Noti ni chache na zinaachwa zife zenyewe.

Habari za kazi. Mwongozaji anataka lori likimaliza kuvuka daraja jipya la Jinja, ngoma ipige papo hapo. Nikianza vizuri nafika nimechelewa, nikirekebisha mwisho, mwanzo unaharibika. (Mtunzi, Njeru)

Unachagua mwendo kwa hisia kisha unaulazimisha. Anza na urefu wa tukio. Daraja lile lina mita 525. Lori la kilomita 60 kwa saa hulivuka kwa sekunde 31.5, na tuseme mhariri hakukata kitu. Mwendo unaokupendeza ni mapigo 90 kwa dakika. Zidisha 31.5 kwa 90, gawa kwa 60: mapigo 47.25. Robo hiyo iliyozidi ndiyo inayokusumbua. Chagua namba kamili inayogawanyika kwa nne, 48, ambayo ni vipimo 12 vya mapigo manne. Sasa geuza hesabu: 48 mara 60, gawa kwa 31.5, unapata 91.43. Weka mwendo huo, na pigo la kwanza la kipimo cha 13 litaangukia mwisho wa daraja bila kulivuta. Tofauti ya 90 na 91.43 hakuna atakayeisikia.

Ngoma ikiwa lazima ikose kidogo, ikose kwa kuchelewa. Fremu mbili baada ya picha jicho husamehe. Fremu mbili kabla, mtu anahisi amedokezwa.

Kwa wahariri. Tumerekodi amadinda na endingidi, tena wapigaji ni hodari. Nikiweka kinanda na gitaa juu yake, kila kitu kinasikika kama kimekosewa. Rafiki anasema niipitishe amadinda kwenye programu ya kusahihisha noti. Nifanye hivyo? (Mwanafunzi wa muziki, Mukono)

Usifanye. Amadinda, marimba ya mbao yenye vibao 12, haijakosea, wala kinanda.

Kinanda huigawa oktavu hatua 12 za senti 100 kila moja (senti ni kipimo cha umbali kati ya noti). Amadinda ya Buganda huigawa hatua tano zinazokaribiana ukubwa, kwa hiyo kila hatua ni kama senti 240, na kipimo hicho hakipo kokote kwenye kinanda. Tuseme zote zinaanzia C. Kibao kinachofuata kitaangukia senti 40 juu ya D. Cha tatu senti 20 chini ya F. Cha nne senti 20 juu ya G, cha tano senti 40 chini ya B bemoli. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Fundi huchonga kwa sikio na kila marimba ina tabia yake, hivyo lazima upime ya kwako. Programu ya kusahihisha itakamata kibao cha pili na kukivuta hadi D. Utakuwa umefuta kitu kilichokufanya uende kukirekodi. Zaidi ya hapo, mlio wa mbao una sauti za juu zisizofuata mpangilio wa uzi au filimbi, kwa hiyo programu hubahatisha na kuacha mkwaruzo wa kibati.

Kinachofanya kazi ni kuwafanya wengine waifuate amadinda. Rekodi kila kibao peke yake, polepole, wastani na kwa nguvu, ukiacha mlio ufe kabisa. Pima kila kimoja kwa programu ya simu inayoonyesha senti, andika vyote 12. Kisha ingia kwenye kinanda cha kompyuta, kwenye mpangilio wa noti moja moja, ushushe au upandishe kila noti kwa senti ulizoandika. Endingidi, fidla ya uzi mmoja, haina vigawanyo shingoni, mpigaji atafuata kwa sikio ukimpa amadinda kwenye kisikizi. Adungu, kinubi cha upinde, inazungushwa vigingi tu. Waimbaji hawana shida. Mgumu ni gitaa, maana vigawanyo vyake ni vya chuma na havisogei: ama litelezeshwe kwa kichupa, ama nyuzi zake zifungwe kwenye noti tano zile na zipigwe wazi, bila kubonyezwa. Mwongozaji akishikilia kinanda cha kawaida, mpe C na G tu, zikivuma chini kwa chini. Senti 20 sikio huzimeza. Senti 40 halizimezi.

Kuna watakaokushauri uchonge vibao. Inawezekana: ukipunguza mbao katikati upande wa chini noti hushuka, ukipunguza nchani hupanda. Lakini hilo ni uamuzi wa mwenye marimba. Filamu yako ya dakika 90 haina mamlaka hayo.

Kuhusu kurekodi. Vibao hulazwa juu ya vigogo vya mgomba. Viwe vibichi, kwa sababu vikikauka na kusinyaa vibao huanza kuchezacheza na kutoa mgongano unaosikika. Wapigaji wawili hukaa wakitazamana, kila mmoja akiingiza mapigo yake kati ya mapigo ya mwenzake. Wa tatu, omukoonezi, ana vibao viwili vya juu tu. Mikrofoni mbili juu, kama mita moja, moja kila upande, na ya tatu karibu na vile viwili. Kila mikrofoni itaingiliwa na majirani, hivyo usipange kumrekebisha mpigaji mmoja baadaye; akikosea, rudieni wote. Chini ya mabati rekodi asubuhi kabla ya mvua. Genereta likae mbali, nyuma ya ukuta.

Amadinda ina faida ambayo watunzi wa filamu hawaitumii vya kutosha. Mapigo ya wapigaji wawili yakiunganishwa yafikie 480 kwa dakika, kila pigo linachukua sekunde 0.125, na kwenye picha ya fremu 24 hiyo ni fremu tatu kamili. Mhariri akikata popote, hayuko mbali na pigo kwa zaidi ya fremu moja na kitu. Tena mlio wa mbao unakaa juu ya injini, haugombani nayo. Kwa filamu ya lori, ni vigumu kupata ala inayofaa zaidi.

Muziki unaanza sawasawa na picha, lakini mwisho wa filamu umepishana nayo sekunde tano. Kompyuta mbovu? (Mhariri wa picha, Gulu)

Kompyuta ni nzima. Mmoja wenu anafanya kazi kwenye fremu 24 kwa sekunde, mwingine kwenye 23.976. Tofauti ni moja katika elfu: sekunde 3.6 kwa saa, 5.4 kwa dakika 90. Ndizo tano zako. Kama upungufu ungekuwa wa dakika tatu na nusu, tungesema 24 dhidi ya 25: filamu ya dakika 90 ikichezwa kwa 25 huisha kwa dakika 86 na sekunde 24, na muziki ukiharakishwa nayo bila kusahihishwa hupanda senti 71, karibu robo tatu ya hatua ya kinanda. Ukisikia waimbaji wamekuwa wembamba kwa hatua moja na nusu, hapo ni kosa jingine: faili la kilohezi 44.1 limesomwa kama la 48.

Kubalianeni mwendo wa fremu kwa maandishi siku ya kwanza. Picha za simu nyingi hubadilisha fremu zenyewe kufuata mwanga, kwa hiyo zigeuzwe ziwe za fremu thabiti kabla ya kuhaririwa. Mtunzi apewe video yenye saa ya fremu imechapwa juu ya picha. Sauti zote ziwe faili za WAV, kilohezi 48 kwa biti 24. Sekunde mbili kabla ya picha ya kwanza weka mlio wa hezi 1000 wa fremu moja, na mwingine sekunde mbili baada ya picha ya mwisho. Mlio wa mwanzo ukilingana na picha lakini wa mwisho usilingane, tatizo ni mwendo. Yote miwili ikipishana kwa kiasi kilekile, mmesogeza faili tu.

Mhariri aliweka wimbo maarufu wa Kampala kushikilia nafasi wakati wa kuhariri. Sasa mwongozaji hataki kusikia kingine. (Mtunzi, Soroti)

Ukitaka wimbo wenyewe, unahitaji ruhusa mbili: ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi. Mara nyingi ni watu tofauti, na mmoja akikataa basi. Kuutunga upya ukiubadilisha noti tatu ni kutafuta kesi. Muulize mwongozaji anachokipenda mle: mwendo, idadi ya ala, au jinsi unavyonyamaza kabla ya kiitikio? Jibu lake litunge. Na mwambie mhariri aufute kabla ya kutazama mara nyingine. Masikio yakishauzoea, hata wewe utauiga bila kutaka.

Je, kazi hii inaweza kumlisha mtu hapa Uganda? Wale wakubwa walianzaje, na mkataba uwe na nini? (Dada anayepiga adungu, Arua)

Dada, tuanze na mwenye ala kama wewe. Gustavo Santaolalla wa Argentina alitoka kwenye bendi ya roki, akawa mtayarishaji wa rekodi za wengine, na mwaka 1998 akatoa albamu ya ronroco, ala ndogo ya nyuzi ya jamii ya charango. Mwaka uliofuata kipande kimoja cha albamu hiyo kiliingia kwenye filamu ya The Insider. Mwaka 2004 alitunga muziki wa The Motorcycle Diaries, filamu ya safari ya pikipiki katika Amerika Kusini, kisha akachukua Oscar mbili mfululizo, kwa Brokeback Mountain na Babel. Hasomi noti. Alichokuwa nacho ni rekodi safi ya ala anayoijua, ambayo mwongozaji angeweza kuiweka juu ya picha yake na kuona inavyokaa. Wewe rekodi vipande sita vya adungu peke yake, dakika mbili mbili, bila kuimba. Hiyo ndiyo barua yako ya kuomba kazi.

Hans Zimmer alipitia njia nyingine: kinanda kwenye bendi, kisha msaidizi wa mtunzi Stanley Myers huko London, hadi Rain Man ya 1988, nayo filamu ya safari, ikamfikisha Marekani na kumpa uteuzi wa kwanza wa Oscar. Usaidizi ni shule. Anayesafisha rekodi na kuandaa mafaili ya mwingine hujifunza mambo ambayo hayafundishwi darasani.

Kwetu, filamu kubwa za kigeni zilizopigwa hapa huja na mtunzi wake: The Last King of Scotland ya 2006 na Queen of Katwe ya 2016 zote zilitungiwa na Mwingereza Alex Heffes. Nafasi ya mpigaji wa hapa katika kazi kama hizo mara nyingi ni kurekodi ala. Ukilipwa hivyo, jina lako liandikwe mwisho wa filamu, na mkataba useme rekodi itatumika kwenye filamu hiyo tu. Mtu asije akaiuza tena kama maktaba ya milio ya adungu.

Upande wa sheria, soma Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006. Kipengele kinachowaumiza watunzi ni cha kazi ya kuagizwa: pasipo mkataba unaosema vinginevyo, hakimiliki huenda kwa aliyeagiza. Kwa hiyo mazungumzo ya simu na nusu ya malipo mkononi si mkataba. Andika kwamba utunzi unabaki wako na mtayarishaji anapata haki ya kuutumia ndani ya filamu hiyo, popote itakapoonyeshwa. Akitaka kununua vyote, sawa, ila bei ya kununua shamba si ya kukodi.

Malipo yagawe mara tatu: ukisaini, vipande vya majaribio vikikubaliwa, na ukikabidhi. Sehemu ya mwisho isizidi theluthi, maana ndiyo inayochelewa. Idadi ya marekebisho iandikwe. Mbili kwa kila kipande zinatosha, na picha ikifunguliwa tena baada ya kufungwa, hiyo ni kazi mpya. Wapigaji, studio na usafiri viwe bajeti tofauti na ujira wako. La sivyo kila mpigaji unayemwongeza anakula chakula cha watoto wako.

Mwisho tengeneza orodha ya muziki: jina la kila kipande, urefu, mtunzi, na kama kinasikika kwa wahusika, mfano redio ya lori, au kwa mtazamaji peke yake. Jiunge na UPRS, chama kinachokusanya na kugawa mirabaha ya muziki, sajili vipande, na nakala ya orodha iwe kwa mtayarishaji. Kituo cha televisheni kisipoipata, hakuna namna jina lako litafika kwenye mgawo.

Filamu yetu itafika kwenye vibanda vya video, na VJ ataongea juu yake. Muziki utabaki na nini? (Mtayarishaji, Kawempe)

Usishindane na VJ, yule anayetafsiri na kusimulia filamu kwa sauti yake; wateja wamemlipia yeye. Akiwa na faili moja tu, njia yake ni kuishusha sauti yote kila anapoongea, na muziki unazama pamoja na waigizaji. Mpe faili la pili lenye muziki na milio ya mazingira, bila maneno, urefu uleule na mlio uleule wa sekunde mbili mwanzoni. Hapo ataongea mahali pa waigizaji na muziki utabaki mahali pake. Faili hilo hilo ndilo mtakalohitaji mkitaka kuingiza sauti za Kiswahili kwa ajili ya Kenya na Tanzania, kwa hiyo lidaini hata kama VJ hayumo.

Ili lipatikane, mtunzi akabidhi kila kipande kimegawanywa: ngoma peke yake, besi peke yake, ala za wimbo, na mivumo. Mafungu manne yanatosha, yote yaanze kwenye fremu moja hata kama ngoma inaingia dakika ya pili.

Kisha ijaribuni filamu kwenye spika moja. Vibanda vingi havina kushoto na kulia, na muziki uliotanuliwa kwa kugeuza wimbi la upande mmoja hujifuta pande mbili zikiunganishwa. Mivumo ndiyo hupotea kwanza. Bonyeza kitufe cha mono na usikilize kuanzia 1M1. Kipande kinachopungua nguvu ghafla, punguza utanuzi wake hadi kirudi. Spika hizo pia hazitoi cha maana chini ya hezi 80, hivyo wimbo muhimu usikae kwenye besi peke yake: urudie oktavu moja juu, kwa sauti ndogo, kwa adungu au endingidi.